Nina soriasisi na wasiwasi haunipi usingizi: je, tiba ya sauti inasaidia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 34. Soriasisi, huu ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, ninayo mwaka wa sita sasa: kichwani, viwikoni, kwenye miundi, na siku hizi mpaka ndani ya masikio. Magamba nimeyazoea, kinachonimaliza ni wasiwasi. Nikipanda daladala naona kila mtu ananitazama mikono. Nikiinua mkono kuandika ubaoni na mkono wa gauni ukashuka, moyo unaenda mbio. Usiku najikuna mpaka damu. Miezi minne iliyopita nilipewa vidonge vya propranololi vya kutuliza moyo. Mwenzangu kazini kanielekeza sehemu wanakofanya tiba ya sauti: unalala, wanakupigia bakuli za shaba, halafu wanakupa faili za "masafa ya uponyaji" usikilize nyumbani kwa spika za masikioni. Mara kumi ni laki tatu. Mama anasema hela yote hiyo ya nini, kisomo kinatosha. Je, sauti inaweza kuponya ngozi? Na kama haiponyi, inaweza kunituliza? Nina binti wa miaka minne, nimemhamishia chumba kingine nisimwambukize, na hilo nalo linaniumiza.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kuna mawili hayangoji, niyamalize kwanza ndipo tuje kwenye bakuli za shaba.

La kwanza ni hivyo vidonge. Propranololi ni dawa nzuri kwa moyo unaokwenda mbio, na aliyekuandikia alikuwa na sababu. Lakini imo katika kundi la dawa ambazo kwa baadhi ya watu huamsha soriasisi au kuizidisha, na mara nyingi haifanyi hivyo wiki ya kwanza, inachukua miezi. Wenzake katika kundi hilo ni lithiamu, inayotolewa kwa baadhi ya magonjwa ya akili, na klorokwini, ile dawa chungu ya malaria tuliyokua nayo. Unaona mtego ulivyo: ngozi inakutia wasiwasi, wasiwasi unakupeleka hospitali, unapewa dawa ya moyo, dawa inaichokoza ngozi, na ngozi inakurudishia wasiwasi mkubwa zaidi. Sisemi ndicho kilichokupata. Nasema tu kwamba masikio umeyataja kuwa ni ya "siku hizi", na vidonge vina miezi minne. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie wazi kwamba una soriasisi, muulize kama ipo njia nyingine. Usiviache ghafla leo usiku kwa sababu umesoma maneno yangu. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, la sivyo moyo unaweza kurudi kwa kishindo.

La pili ni binti yako. Soriasisi haiambukizi. Haiambukizi kwa kugusana, kwa taulo, kwa shuka, kwa kitana, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa magamba yaliyoanguka kwenye godoro. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe inayoihimiza ngozi ijitengeneze upesi kupita kiasi: seli ambazo kwa kawaida huchukua karibu mwezi kupanda juu na kupukutika, kwako zinapanda kwa siku tatu mpaka tano, na ndiyo maana zinarundikana kuwa magamba. Kurithi kupo, ndiyo, lakini urithi ulishapita kabla hajazaliwa na hauzuiwi na ukuta wa chumba. Mrudishe mtoto.

Sasa sauti. Sitakucheka, wala sitaiita ushirikina. Nimekaa kliniki ya ngozi zaidi ya miaka 20, na mmoja wa walionifundisha jambo hili alikuwa mzee mvuvi aliyestaafu, mabaka mwili mzima. Alilala na redio yake ndogo ikiwa katikati ya stesheni mbili, inakoroma tu, haisemi neno. Wanawe walidhani uzee umemfika. Yeye aliniambia, "Daktari, nikiisikia ile shshsh, mkono unasahau kukuna." Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo ya kile ambacho sauti inaweza kumfanyia mtu mwenye ngozi kama yako.

Nikufafanulie kwa nini. Ngozi na ubongo ni ndugu wa karibu kuliko watu wanavyodhani. Mimba inapokua, vyote viwili huchipuka kutoka tabaka moja. Hofu inapoingia, mwili hujiandaa kukimbia: homoni za mfadhaiko zinamwagika, moyo unadunda, na miisho ya mishipa ya fahamu iliyomo ngozini nayo inatoa kemikali zinazochochea uvimbe na muwasho. Muwasho unakufanya ukune. Kukuna kunajeruhi. Na mwenye soriasisi akijijeruhi, baka jipya linaweza kuota palepale kwenye jeraha. Jambo hili linaitwa kwa jina la Heinrich Koebner, daktari Mjerumani wa karne ya 19, aliyeeleza habari za mgonjwa ambaye mabaka yalimtokea mahali alipojikuna, alipoumwa na farasi, na hata kwenye mchoro wa chale. Kwa hiyo usiku wako wa kujikuna mpaka damu unaongeza eneo la ugonjwa, achilia mbali usingizi unaokupotea.

Na wasiwasi unaingilia hata dawa. Mwaka 2003 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha habari za wagonjwa 112 waliokuwa wakitibiwa kwa mwanga wa urujuanimno pamoja na kidonge kinachoifanya ngozi iupokee vizuri mwanga huo. Waliokuwa na mawazo mengi ya hofu, ile hali ya kuwaza baya lijalo saa zote, ngozi zao zilisafika kwa kasi ndogo mara 1.8 kuliko wenzao waliokuwa watulivu. Dawa ileile, mashine ileile. Kila ninapomwona daktari anamwambia mgonjwa "acha kuwaza, paka dawa," hukumbuka hesabu hiyo.

Utafiti ulio karibu zaidi na swali lako ni wa Marekani, Chuo Kikuu cha Massachusetts, uliochapishwa mwaka 1998 na Jon Kabat-Zinn na wenzake. Walichukua watu 37 wenye soriasisi waliokuwa wanaanza kutibiwa kwa mwanga. Mgonjwa wa tiba hii husimama peke yake ndani ya kibanda chenye taa, uchi, macho yamefungwa miwani ya kinga, na hana la kufanya ila kuwaza. Nusu ya watu hao, kwa bahati nasibu, waliwekewa kaseti humo kibandani: sauti ya mtu anayewaongoza taratibu waisikilize pumzi yao, kisha mwili wao, kisha mawazo yao yanavyokuja na kupita. Wengine walipata mwanga bila kaseti. Madaktari waliokagua ngozi hawakuambiwa nani kasikiliza nini. Waliosikiliza kaseti walifika nusu ya safari ya kupona, na baadaye wakafika ngozi safi, mapema kuliko wenzao.

Watu 37 ni darasa moja dogo tu kwako, na hakuna mwalimu anayepanga matokeo ya taifa kwa darasa moja. Tena sauti ile haikupewa mahali pa tiba, ilipewa juu ya tiba. Waliosikiliza kaseti walisimama kwenye mwanga kama wenzao. Basi ukiambiwa na mtu yeyote kwamba sauti pekee itaondoa magamba viwikoni, mwache aendelee na wewe ondoka na mkoba wako.

Kuhusu wasiwasi wenyewe, bila habari ya ngozi, tunajua mengi zaidi, kwa sababu hospitali zimepima muziki kwa watu wenye hofu ya kweli: wale wanaosubiri kuingizwa chumba cha upasuaji. Mapitio makubwa ya mwaka 2013 yalikusanya majaribio 26 yenye watu 2,051. Waliosikiliza muziki kabla ya kupasuliwa walikuwa na wasiwasi mdogo, kwa karibu pointi 6 kwenye kipimo kinachoanzia 20 na kuishia 80. Si muujiza. Ni sawa na kumtoa mtu kwenye kutetemeka ukamwacha kwenye kutikisa mguu. Lakini kwa kitu kisichopitia tumboni wala kwenye ini, pointi 6 sizidharau.

Sauti inafanyaje hayo? Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini, maana ndipo laki tatu zako zinapoamuliwa. Njia kubwa ninayoiamini ni pumzi. Mwenye wasiwasi huvuta pumzi fupi za kifuani, mara 15, 18, 20 kwa dakika. Sauti ya mwendo wa polepole huivuta pumzi ifuatane nayo, na pumzi ikishuka, moyo nao hushuka, kwa sababu viwili hivyo vinaendeshwa kwa hatamu moja ya mishipa ya fahamu. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Vyote viwili viliishusha pumzi mpaka karibu mara 6 kwa dakika, kiwango ambacho moyo na mishipa ya damu hufanya kazi kwa mapatano mazuri. Hakuna aliyewaambia "pumua polepole." Maneno yenyewe, kwa urefu wake, ndiyo yaliyowapangia.

Huyohuyo Bernardi alirudi mwaka 2006 na vipande vya muziki wa aina mbalimbali, vya haraka na vya taratibu. Muziki wa haraka ulipandisha pumzi na mapigo ya moyo, na mwendo wa muziki ndio uliotawala kuliko aina yake. Lakini kilichonifurahisha ni hiki: katikati ya vipande waliweka ukimya wa dakika mbili, na ni katika ukimya huo moyo na pumzi vilishuka chini zaidi, hata kuliko kabla muziki haujaanza. Kwa hiyo unapopanga kusikiliza, panga pia kunyamaza. Muziki ukiisha usiruke kushika simu.

Ukiisha kuelewa habari ya pumzi, swali la mama yako linajijibu nusu. Hao Wataliano walipima rozari na mantra, hawakupima kisomo cha Qurani, na mimi siwezi kukipima kisomo kwa thamani yake ya dini, hiyo si kazi ya daktari wa ngozi. Ila kwa upande wa mwili, kisomo cha taratibu chenye kuvuta aya mpaka pumzi iishe, ukisome wewe mwenyewe kwa sauti ndogo, kina kila kitu ninachokitafuta katika tiba ya sauti: mwendo wa polepole, pumzi ndefu ya kutoka, maneno unayoyajua yasiyokushtua, na utulivu baada yake. Hata kasida zinazoimbwa kwa upole zina sifa hiyo. Na Mkristo ana tenzi zake na rozari yake. Tena kuna faida ambayo bakuli haziwezi kukupa: sauti yako mwenyewe inakulazimisha utoe pumzi ndefu, wakati sauti ya kusikiliza inakuomba tu. Ninachomwomba mama ni kwamba kisomo kisije na kusinga mabaka kwa dodoki, wala kujifukiza kwa mvuke mkali na moshi wa mafusho. Joto na msuguano ni kumwita Koebner nyumbani. Na dawa ya kupaka iendelee.

Bakuli za shaba, sasa. Zina mlio mrefu unaofifia taratibu, na kuufuata mlio mpaka uishe ni njia nzuri ya kuishika akili isitangetange. Wapo watu wanaotoka pale wametulia kweli. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa watu 62 waliopitia kikao cha bakuli hizo, na walisema hofu na uchovu vimepungua. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, la watu waliolala tu chali kwenye chumba chenye mwanga hafifu bila kupigiwa chochote. Mwalimu anayelea mtoto wa miaka minne, akilazwa saa nzima mahali ambapo hakuna anayemwita, hata ukimpigia sufuria nadhani atatoka ana nafuu.

Kwenye hizo faili za "masafa ya uponyaji" upole wangu unaisha. Kuna wanaouza hezi 528 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) kwa madai kwamba inatengeneza vinasaba. Haitengenezi. Kuna wanaosema hezi 432 ndiyo sauti ya asili na kwamba tuliibiwa tukapewa 440. Kiwango cha 440 kilikubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939 ili vyombo vya muziki vya nchi mbalimbali vilingane, basi, na tofauti kati ya viwili hivyo ni ndogo kuliko hatua ya kitufe kimoja cha kinanda kwenda kinachofuata. Halafu kuna zile faili zenye sauti moja sikio la kulia na nyingine kidogo tofauti sikio la kushoto, ubongo ukasikia mdundo wa tatu ambao haupo. Mdundo huo ni wa kweli, aliugundua mwanafizikia Heinrich Wilhelm Dove huko Ujerumani katika karne ya 19. Lakini kwamba unatibu wasiwasi, matokeo ya tafiti yanagongana, na kwamba unagusa soriasisi, sijaona ushahidi wa kutolea hata nauli. Ukiipenda faili hiyo na umeipata bure, sikiliza. Usiinunue.

Sasa masikio yako, ambayo ndiyo sababu nyingine ya kukataa faili za spika za masikioni. Spika ndogo za kuchomeka ndani ya tundu zinasugua na kubana ngozi ileile iliyokwisha kuwa na magamba, zinahifadhi unyevu, na ukitoa unaweza kutoka na ganda na damu. Magamba ndani ya tundu yanaweza pia kuziba na kukupunguzia usikivu, nawe ukaongeza sauti bila kujua. Usiyachokonoe kwa njiti ya pamba, wala ya kiberiti, wala pini ya nywele. Kaonyeshe, kuna dawa za matone na za kupaka za mahali hapo. Hata hedfoni kubwa zenye utepe wa kupita kichwani zitakukera kama mabaka ya kichwani yako kwenye njia ya utepe. Kwako wewe chombo bora ni cha bei rahisi: spika ya simu yenyewe, imewekwa kando ya kitanda, mbali kidogo na mto.

Haya, ungekuwa umekaa mbele yangu ningekuambia ufanye hivi. Chagua saa moja tu ya siku, na kwako nadhani ni usiku, kwa kuwa ndiyo saa ya kujikuna. Oga maji ya uvuguvugu, si ya moto. Jifute kwa kugusagusa, na kabla ngozi haijakauka paka dawa yako na mafuta mazito, vaselini inatosha. Hapo ndipo uwashe sauti, kila siku ileile. Itakuwa nini? Chochote cha polepole kisicho na habari ndani yake: ala tupu za taarabu ya zamani, mvua kwenye bati, mawimbi, kisomo cha taratibu, hata redio ya mzee wangu inayokoroma. Epuka wimbo wenye kumbukumbu, maana ubongo utaacha kutulia ukaanza kusimulia. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita. Hizo ni sekunde kumi, na sita za namna hiyo zinajaza dakika. Ukichoka kuhesabu, toa pumzi kwa kuvuma mdomo umefungwa, kama unavyombembeleza mtoto. Mikono iwe juu ya kitambaa cha pamba, imefumbuliwa. Muwasho ukija, bonyeza mahali pale kwa kiganja badala ya kukwaruza. Dakika 20 zinatosha, na dakika mbili za ukimya mwishoni.

Nakuomba ulipe jambo hili wiki nne, na ulisahihishe kama unavyomsahihishia mwanafunzi usiyempenda wala usiyempendelea. Kwenye daftari, kila usiku, andika namba mbili kabla na mbili baada: wasiwasi kati ya 0 na 10, muwasho kati ya 0 na 10. Kama baada ya wiki nne namba hazijasogea, achana nalo bila majuto, si kosa lako. Kama zimesogea, umepata kitu chako na hakijakugharimu shilingi.

Kuna sauti nyingine ambayo watu husahau kuihesabu, nayo ni ile ya kuondoa. Simu inayolia ujumbe wa kikundi cha wazazi saa nne usiku, televisheni inayoongea peke yake sebuleni, jenereta ya jirani. Mwili wenye wasiwasi hushtuka kwa kila mlio. Mgonjwa mwingine ananiambia hana muda wa kusikiliza muziki. Namwambia basi zima milio ya simu kuanzia saa mbili, na hiyo nayo tuihesabu ni tiba.

Kwenye daladala na ubaoni sauti haitakusaidia sana, nikuambie ukweli. Huwezi kuwasha mawimbi ukiwa unafundisha. Unachoweza kubeba ni pumzi uliyoizoesha usiku: geukia ubao, toa pumzi ndefu ukihesabu sita, endelea kuandika. Lakini hofu ya kutazamwa ina tabia moja mbaya, inanenepa kadiri unavyoikimbia. Kila siku unayovaa mikono mirefu kwenye joto la Tanga la mwezi wa pili, hofu inajifunza kwamba ilikuwa na haki. Hapo tiba yenye ushahidi mzito ni ya kuzungumza na mwanasaikolojia anayekufundisha kuyahoji mawazo yako na kuikaribia hofu hatua kwa hatua: leo mikono ya robo tatu nyumbani, wiki ijayo sokoni. Wengine huanzia kwa sentensi moja ya kuwaambia wanafunzi wenyewe, "Hii ni soriasisi, haiambukizi, haya fungueni ukurasa wa 40." Watoto hutosheka upesi kuliko watu wazima. Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa inaweza kukupima wasiwasi kwa dodoso fupi la maswali 7 ambalo tafsiri yake ya Kiswahili ilichunguzwa Kilifi, Kenya, na majibu yake yana maana kuliko "nina mawazo tu, daktari."

Usingoje wiki nne kama ngozi imewaka karibu mwili wote, kama umetoka vijipele vya usaha pamoja na homa, au kama vidole na magoti vinaamka vimekaza kila asubuhi, maana soriasisi huingia pia kwenye viungo. Usingoje pia kama mawazo yamefika mahali pa kuona afadhali usiwepo. Hiyo ni sonona, ina dawa, na unaenda siku hiyohiyo na mtu wa kukushika mkono. Na kwa kuwa ugonjwa umepanda hivi karibuni, pamoja na habari ya propranololi ningependa upime VVU kama hujapima siku za karibuni, kwa sababu soriasisi inayochachamaa ghafla wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza. Namwambia hivyo kila mgonjwa wa aina yako, usilichukue kama tuhuma.

Laki tatu ukiwa nazo, tumia kwanza nauli ya kumwona mtaalamu wa ngozi. Pale KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na kutoka Tanga si safari ya kutisha. Waliosomea huko wapo pia katika hospitali nyingi za mikoa, ulizia kwenu kwanza. Kinachobaki kinunulie mafuta mazito ya miezi kadhaa. Ukimaliza hayo na bado unatamani bakuli, nenda mara moja, ulipie ya mara moja, ulale upumzike. Usilipie kumi kwa mpigo, na anayekuambia uache dawa zako usirudi kwake.

Binti akirudi chumbani, naye ataisikia hiyo sauti ya usiku, na usishangae akilala kabla yako. Masikio ya mtoto hayahimili kishindo kama ya mtu mzima: Shirika la Afya Duniani limemwekea mtu mzima kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto 75. Simu yako isivuke asilimia 60 ya sauti yake, na kwa chumba cha kulala hata 30 ni nyingi. Iweke upande wako wa kitanda.